Siku Niliyomkuta Metre Uvira

Wiki iliyopita sindano ilinivunjikia katikati ya kazi, nikavuta droo ya chini ya cherehani kutafuta nyingine. Cherehani hii nimeirithi kwa Mama Noela, aliyefariki msimu wa mvua uliopita, na droo hiyo sikuwahi kuifungua kwa sababu hukwama. Safari hii niliivuta kwa hasira, ikatoka yote mkononi. Ndani mlikuwa na vifungo, vipande vya chaki, na kikopo cha bati cha dawa ya kuchua, kimebaki ukoko kidogo pembeni. Nilikifungua. Mteja aliyekuwa amesimama mlangoni aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni dawa tu, imenipanda machoni. Nusu ilikuwa kweli.

Siku hizi niko Chilinde, kwenye kibanda cha mabati kati ya fundi simu na mama anayeuza usipa mkavu, dagaa wa huku. Nashona sare za shule. Msimu wa kufungua shule unapokaribia nashona mpaka kiuno kinakataa kunyooka, na kila mwaka kati ya sare hizo huja chache za shule moja ya bweni ya wasichana ya hapa Lilongwe, zenye ukosi wa kijani. Ukosi huo naujua kuliko mtu yeyote anayeuvaa. Niliwahi kuutaka kwa roho yangu yote, na mtu aliyekuwa anipeleke mpaka kwenye ukosi huo alinuka dawa iliyokuwa kwenye kikopo hiki.

Wenzangu mliokulia kambi ya wakimbizi ya Dzaleka miaka ile mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa. Tulikuwa na vumbi jekundu, na foleni ya maji iliyoanza kabla jua halijachomoza. Jumapili makwaya yaliimba yote kwa wakati mmoja, hata usijue kabisa kanisa lako ni lipi. Na mnakumbuka kwamba ukimaliza shule ya msingi hukujua unaelekea wapi. Nafasi za sekondari zilikuwa chache na watoto tulikuwa wengi kupita kiasi. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili au kumi na mitatu. Karatasi zangu zinasema hivi na mama anasema vile, na mpaka leo hawajapatana.

Asubuhi moja mwalimu mkuu alitusimamisha mstarini akasema kuna shule ya bweni mjini inayotafuta msichana mmoja kutoka kambini, anayeweza mbio ndefu. Atasoma huko, atalala huko, atakula huko, wala nyumbani hawataombwa chochote. Majaribio yangekuwa baada ya baridi kuisha, mita elfu tatu. Alirudia lile neno "mmoja" mara mbili, na wasichana tuliokuwa mstarini tulianza kuangaliana miguu.

Nilikuwa mwepesi, hilo halikuwa na ubishi. Mama akinituma sokoni alikuwa akitema mate chini na kusema, "Rudia mbele ya iyi mate ikauke." Mate ya mama yalinikimbiza utoto mzima, na mara nyingi nilirudi na chumvi mkononi bado yanang'aa kwenye vumbi. Lakini mbio za mate ni fupi. Kwa mita elfu tatu nilihitaji mtu wa kunifundisha, na kambini mtu huyo alijulikana. Aliitwa Kochi Dido, kijana aliyefundisha vijana mpira, mwenye firimbi na saa ya kusimamisha iliyoning'inia shingoni siku zote, hata kanisani. Wasichana wote walioitaka nafasi ile walikwenda kwake.

"Enda kwa Dido," mama aliniambia. "Dido iko na saa."

"Sitaki Dido. Nataka Metre."

"Metre gani? Metre wa kwaya?"

Hapa inabidi nikiri ujinga wangu, na mtakaocheka mna haki. Kwa Kiswahili chetu cha Bukavu, Kongo, mwalimu wa shule ya msingi au kiongozi wa kwaya huitwa metre, neno tulilolitoa kwenye Kifaransa. Na mita ya kupimia kitambaa au uwanja, nayo tunaiita metre. Mdomoni ni neno moja. Mimi Bukavu niliondoka nikiwa mgongoni kwa mama, shule nikasomea Malawi kwa Kichewa na Kiingereza, Kifaransa sikukijua hata chembe. Kwa hiyo niliamini kwamba yule mzee wa nyumba ya nne kutoka kwetu anaitwa Metre kwa sababu anajua metre. Mbio zilikuwa za metre elfu tatu. Ningekwenda kwa nani mwingine?

Nilikuwa na ushahidi wa pili, nao ulikuwa harufu. Vijana wa Kochi Dido walijichua miguu kabla ya mechi kwa dawa kali yenye nanaa na karafuu, na uwanja mzima ukanuka hivyo. Metre alinuka hivyo kila siku, mechi iwepo isiwepo. Nilisema moyoni, huyu ni mwanamichezo mkubwa kuliko wote, ila hajisifu tu. Kwamba mtu anaweza kujipaka dawa ile kifuani, usiku na mchana, kwa sababu nyingine kabisa, halikunijia akilini.

Nilimkuta amekaa kwenye kibao chake kando ya njia, ubavuni kwa cherehani ya mkewe. Mama Noela alikuwa akishona na Metre alikuwa akimkatia nyuzi. Nilipiga magoti kidogo kama tulivyofundishwa, nikamwambia ninachotaka.

"Mbio?" alisema. "Nani alikutuma kwangu?"

"Hakuna. Nimekuchagua mwenyewe. We njo Metre, ni we."

Mama Noela aliacha kukanyaga cherehani. Metre alimgeukia taratibu, akiwa amenyoosha mgongo. "Umesikia, mama? Nimechaguliwa. Tangu tumefika huku hakuna mutu ameshanichagua kwa kintu."

Nilidhani anatania. Sikujua bado kwamba watu wazima wa kambini walilitumia neno hilo kwa jambo moja tu, kuchaguliwa kwenda kuanza maisha Amerika au Kanada, na kwamba yeye na mkewe walikuwa wameisubiri karatasi hiyo tangu kabla mimi sijaanza shule.

Na wala msidhani hakuwa na cha kunifundisha. Kule kwao alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na walimu hao ndio waliowaongoza watoto kwenye mazoezi ya viungo. Juu ya hayo alikuwa mtu wa kwaya, na pumzi ndiyo ilikuwa kazi yake. Siku ya kwanza hakunikimbiza hata hatua moja. Alinilaza kwenye mkeka, akaniwekea tumboni kitabu chake kizito cha nyimbo, akaniambia nikiinue bila kutumia mikono. "Kwa tumbo," alisema. "Hapana kwa kifua. Kifua ni ya bantu ya kuogopa." Nilikiinua mpaka nikasinzia. Alinifundisha kuvuta hewa kwa hatua tatu na kuitoa kwa hatua mbili, kuacha mabega yaanguke, kutokunja ngumi. "Shika kifaranga," aliniambia, "usimukamue." Hadi leo nikipanda ngazi mikono yangu inashika vifaranga.

Saa hakuwa nayo. Yake ilibaki Uvira mikononi mwa mwanajeshi, na hakupenda kueleza zaidi. Badala yake alikuwa na wimbo. Aliutunga mwenyewe njiani walipokuwa wanakuja, ubeti mmoja kwa kila mahali walipolala muda mrefu: Bukavu, Kamanyola, Uvira, Kigoma, Mbeya, Karonga, Mzuzu, na wa nane Dzaleka. Kila ubeti uliimbwa mara mbili, na kiitikio katikati. Aliwahi kuifundisha kwaya yake, lakini mchungaji aliukataa usiimbwe ibadani. Alisema una majina mengi ya miji na jina la Yesu halimo hata mara moja. Basi wimbo ukakosa kazi, mpaka nilipokuja mimi.

Njia yangu ilianzia pale kwenye cherehani, ikapita ukingoni mwa soko, nyuma ya zahanati, mbele ya shule, ikatokea karibu na barabara kubwa wanaposimama watu wa kabaza, wanaobeba abiria kwa baiskeli, kisha ikazunguka mashamba ya mahindi na kurudi. Metre aliinua mkono, akaanza ubeti wa Bukavu, "Nyumba ziko juu, ziwa iko chini," na mimi nikatoka. Baada ya hatua chache sikumsikia tena. Nikirudi, nilimsikia kwenye kona ya mwisho, na mji aliokuwa akiuimba ndio uliokuwa muda wangu. Tulipima hivyo tu.

Siku ya kwanza nilimkuta amenyamaza anakunywa chai. "Nimefika Dzaleka zamani," alisema, "nimeshapata na foleni ya chakula." Nilicheka, lakini iliniuma. Mwezi wa kwanza nilijitahidi mpaka nikamkuta katikati ya Dzaleka, kisha Mzuzu, na siku moja mwanzoni mwa baridi nikamkuta anamalizia Karonga. Mama Noela alinipigia makofi. Mate ya mama yangu hayakuniweza tena.

Mimi nikaanza kuuelewa wimbo kwa namna yangu. Kadiri nilivyokimbia kwa kasi, ndivyo nilivyomkuta nyuma zaidi, karibu zaidi na kwetu. Nilisema moyoni kwamba siku nitakayorudi nikamkuta bado yuko Bukavu, kitatokea kitu. Sikujua ni kitu gani. Sikuamini kabisa kwamba tutaamka kule, sikuwa mjinga kiasi hicho, lakini nilipolala niliwaza nyumba zilizo juu na ziwa lililo chini, na mimi nimevaa ukosi wa kijani natembea kati yake. Mambo hayo mawili yalishakuwa jambo moja kichwani mwangu.

Halafu baridi ikaingia kweli, ile ya manyunyu yasiyokatika. Chakula kilipunguzwa miezi ile, mnakumbuka, na jioni nyingi tulikula nsima, ndiyo ugali wa huku, kwa maji ya mboga. Metre alianza kuvaa koti juu ya koti. Kikopo kilikuwa mfukoni mwake muda wote. Alikitoa, akanichua misuli ya miguu kwa kidole kimoja ili kisiishe, kisha akaingiza mkono ule ule ndani ya shati lake akajichua kifua. Niliona fahari kubwa. Tunapakwa dawa moja, mimi na kocha wangu.

Na muda wangu ulishuka kwa namna ya ajabu. Wiki moja Mbeya. Wiki iliyofuata Kigoma, naye Metre alipoiona sura yangu kwenye kona alitupa mikono juu katikati ya mstari, akakohoa mpaka akainama, lakini alikuwa anacheka. "Kigoma!" alimwambia mkewe. "Mama, mutoto amenipata Kigoma!" Mama Noela alisema ameona, bila kuinua macho kwenye kitambaa. Nilidhani ananionea wivu, kwa sababu bintiye Noela alifia njiani na mimi nilikuwa hai nakimbia. Unaona jinsi mtoto anavyoweza kuwaza ubaya na asijue.

Wasichana wa Kochi Dido walinicheka. Wao walitajiwa dakika na sekunde, wakazisema kwa Kiingereza. Mimi wakiniuliza muda wangu niliwajibu "Kigoma", na jina hilo likanigandama shuleni. Sikujali. Nilijua ninachokijua.

Siku chache kabla ya majaribio, nilikata kona ya mwisho na kumsikia akiimba Uvira.

Nilisimama hapo hapo. Nilimsikia vizuri, sauti ndogo, neno moja, kimya, neno jingine. Uvira, ubeti wa tatu. Nilimkimbilia nikampigia magoti na kumkumbatia miguu, jambo ambalo hatukulizoea kabisa, naye akaniwekea mkono kichwani, mkono wa moto. "Sasa," alisema, akangoja pumzi, "sasa ile nafasi ni yako, mama kadogo. Uko nakimbia kupita bantu yote." Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nimeolewa, nimezaa, nimeona mengine ya kufurahisha, lakini ile haijarudi, na nasema hivi nikijua vizuri ilivyokuwa.

Lilongwe tulikwenda wasichana wanne na mwalimu mkuu na Kochi Dido. Metre alibaki. Alisema lazima mtu mmoja abaki aimbe, na kwamba nisiwe na wasiwasi, ataanza wimbo asubuhi na nitausikia. Nilivaa raba za Mama Noela zilizojazwa vitambaa mbele. Uwanja ulikuwa na mistari ya chokaa, mizunguko saba na nusu, na kulikuwa na wasichana wa mjini waliokuja kukimbia nasi. Niliwahurumia. Nakumbuka nilimwangalia mmoja nikasema, pole dada, umekuja bure.

Firimbi ilipolia nilianza kwa hatua tatu na mbili, mabega chini, vifaranga mikononi. Waliondoka wote wakaniacha. Nikasema waache, watachoka. Mzunguko wa pili hawakuchoka. Mzunguko wa tatu nilikuwa wa mwisho, nami nikaendelea kusubiri wachoke, kichwani narudia mstari wa kwanza wa Bukavu, kwa sababu ni huo tu nilioujua mpaka mwisho. Walinipita mara moja, wakanipita mara ya pili. Kisha waliomaliza wakawa wamelala kwenye nyasi, na mimi nikawa peke yangu kwenye chokaa. Mzee mmoja mwenye kofia aliingia njiani mbele yangu, amenyoosha kiganja, kwa upole. Mbio nyingine zilikuwa zinasubiri kuanza.

"Leka, mwana," aliniambia. "Leka."

Kuleka kwa Kichewa ni kuacha. Neno hilo nililisikia kila siku ndani ya jina la kambi yetu na sikuwahi kulijali. Siku ile niliambiwa mimi, nikaacha. Nafasi ilikwenda kwa msichana mmoja wa Kochi Dido, ambaye tukitumwa sokoni nilikuwa nampita hata nikiwa nimebeba ndoo.

Tulirudi jioni jua bado halijazama. Metre alikuwa kwenye kibao chake, amefunikwa blanketi, na nilipotokea alijaribu kusimama.

"Ilikuwa je?"

Ninayakumbuka maneno yangu yote, na ningetoa mengi kuyasahau. "We ni muongo," nilimwambia. "Ulikuwa unanidanganya. Bamenipita mara mbili. Bamenitosha ndani ya uwanja, bamenifukuza. Hauna saa, haujui mbio, haujui kintu. Muongo muzee."

Hakunikemea. Mtu mzima yeyote wa kwetu angenizaba kofi kwa maneno hayo, na mama alipoyasikia baadaye alinizaba mawili. Metre alikaa taratibu, akamgeukia mkewe, akamuuliza swali ambalo sikulielewa.

"Mama Noela. Nilikuwa naimba muzuri?"

Mama Noela alikuwa ameshika mkasi. "Ulikuwa unaimba muzuri," alisema.

"Sikuchelewesha?"

"Haukuchelewesha."

Nikawaacha hapo. Tangu siku hiyo nilipita njia ya nyuma kwenda shule, niwakwepe. Mara mbili alituma mtu kuniita, mara mbili nikasema nina kazi. Mvua za kwanza zilipoanza, Metre akafariki. Walisema ni mapafu, yalianza siku nyingi.

Kwenye mazishi mchungaji alimaliza sehemu yake, kisha kwaya ikaomba ruhusa. Nadhani siku ile hakuwa na moyo wa kukataa. Wakaimba wimbo wa Metre, wote thelathini, mbele ya udongo mpya, na ndiyo mara yangu ya kwanza kuusikia mzima. Ulikuwa wimbo wa kutembea, wa haraka, wa watu wenye mizigo wanaohimizana. Nyumba ziko juu, ziwa iko chini, na baada ya hapo, mstari niliokuwa naukimbia kila siku bila kuusubiri, mama funga mutoto, tusitazame nyuma. Miguu yangu ilizoea. Wimbo ulipoanza, kichwani nikatoka pale kwenye cherehani, nikapita soko. Bukavu ikaisha. Kamanyola ikaisha. Walipofika Uvira, mimi akilini sikuwa nimefika hata zahanati.

Hakuna mtu aliyeniambia kitu. Nilisimama katikati ya watu nikaelewa mwenyewe, yote kwa mara moja, yale makoti, kikopo, neno moja, kimya, neno jingine. Sikuwa nimekimbia kwa kasi zaidi. Yeye ndiye aliyekuwa anachelewa kufika.

Nilikwenda kwa Mama Noela baada ya matanga kuvunjwa. Alikuwa kwenye cherehani, kibao cha Metre kiko pale pale ubavuni. Hakushangaa kuniona.

"Alijua?" nilimuuliza.

"Kujua nini?"

"Kama siko nakimbia mbio. Kama ni yeye njo alikuwa anachelewa."

Alikanyaga mshono mpaka mwisho kabla ya kunijibu. "Hakujua. Mutu mwenye iko naimba, hajisikiake. Akikohoa alikuwa anangojea, anaendelea pale alikuwa amebakia. Kwake wimbo ilikuwa ileile. Kila jioni alikuwa ananiambia ulimupata wapi. Siku ile ya Uvira alikula sahani yote." Akakata uzi. "Alijua siku ulikuya kumutukana."

"Na wewe?"

"Mi nilijua tangu Mbeya."

"Juu ya nini hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kama bwana yangu iko nakufa, na wewe hauko unakimbia? Nipige bantu babili siku moja?" Sauti yake haikupanda. "Nilisema acha. Pengine utakimbia tu kwa kuamini. Nilisikiaka bantu benye banafanya ile."

Nilivua ndala zangu nikaziweka chini ya kibao. "Imba," nilimwambia. "Imba vile alikuwa anaimbaka mwanzo."

Alikataa kwanza. Alisema hana sauti, alisema watu wataona ni wazimu, mjane anaimba nyimbo za barabarani. Kisha akaniangalia miguu, akainua mkono kama alivyokuwa akiinua Metre, akaanza Bukavu kwa mwendo ule wa haraka, na mimi nikatoka.

Nilikimbia kwa yote niliyofundishwa. Hatua tatu, hatua mbili, kwa tumbo, si kwa kifua. Njia ilikuwa matope, nikateleza nyuma ya zahanati na kuinuka bila kupunguza. Kwenye barabara kubwa watu wa kabaza walinipigia kengele. Nilikuwa nalia nakimbia, na nawaambieni hayo mawili hayaendi pamoja, hewa haitoshi kwa yote. Niliomba nimkute Karonga. Baada ya mashamba nikaomba nimkute Mzuzu tu. Nilikuwa na deni la kumthibitishia mtu aliyekufa kwamba hakupoteza siku zake kwangu, kwamba kidogo, hata ubeti mmoja, alinipeleka mbele.

Kwenye kona ya mwisho nilisikia cherehani. Nilisikiliza chini yake, labda sauti ya Mama Noela ni ndogo. Ilikuwa cherehani tu.

Nilifika nikashika magoti. "Ulifika wapi?" nilimuuliza.

"Hapa."

"Dzaleka?"

"Dzaleka. Zamani." Aliinua gauni la mteja kunionyesha. "Nimeshaweka na mikono yote mbili."

Alinitazama ninavyohema, akasogeza kibao cha Metre karibu na cherehani, akakipangusa matope kwa kiganja. "Ikala," alisema. "Shika hii kitambaa, uvute pole pole, nikuonyeshe." Nikakaa, nikashika.